Programu ya mauzo inaganda kila mchana, sapoti wanataka "logi na maelezo kamili". Nikusanye nini hasa kabla ya kuwaandikia?

#1 KauntaYaPili
Wakuu habari za muda huu.

Nipo Morogoro, nafanya kazi duka la dawa la jumla. Tuna kompyuta tatu za kaunta na moja ndiyo seva, ipo chini ya meza ya mhasibu. Programu ya mauzo tulinunua kwa msambazaji mmoja wa Dar na mkataba wa huduma tunalipia kila mwaka. Tangu mwezi uliopita, ikifika mchana inaganda. Unabonyeza kuhifadhi risiti, kiduara kinazunguka, wateja wamepanga foleni, mwisho unatoka ujumbe wa kosa. Tunazima seva tunawasha, inapona, mpaka kesho yake.

Nimewapigia sapoti wakanijibu: "Tuma logi na maelezo kamili, bila hivyo hatuwezi kufungua tiketi." Nimeuliza logi zipi, kimya. Mimi ni mtu wa kaunta, kompyuta naijua kwa kuitumia tu. Naomba kujua nikusanye vitu gani ili nikiandika waelewe na wasinizungushe tena.

#2 MzeeWaNondo
Ngoja waje wajuzi. Nafuatilia, duka langu la vifaa vya ujenzi lina ugonjwa unaofanana na huo.

#3 FundiWaIlala
Mkuu pole. La kwanza kabla ya yote: acheni kuzima seva ovyo. Najua foleni inawakalia kooni, lakini kuzima kunaleta nafuu na kufuta ushahidi kwa mkupuo mmoja.

Programu nyingi za namna hiyo zinatumia SQL Server ya Microsoft, ndiyo inayotunza data zote. Yenyewe ina logi, yaani daftari la matukio yake, kwenye faili linaitwa ERRORLOG. Kila huduma ya SQL inapowashwa upya, faili jipya linaanza na la zamani linasukumwa nyuma: ERRORLOG.1, ERRORLOG.2, hadi ERRORLOG.6. Baada ya hapo la mwisho linafutwa. Mnaowasha upya kila siku, ndani ya wiki mmeshapoteza siku ya kwanza ya tatizo, na siku hiyo ndiyo ingeonyesha nini kilibadilika.

Leo hii, kabla hujagusa kitu, nakili folda nzima ya Log kwenye flashi. Ingia Program Files, Microsoft SQL Server, kuna folda inaanza na MSSQL na namba, ndani yake MSSQL tena, kisha Log.

Halafu likitokea tena andika: ujumbe wa kosa neno kwa neno, saa na dakika, kompyuta ipi, kaunta nyingine zimeganda au zinaendelea, na nani alikuwa anafanya nini wakati huo. Hayo matano hayahitaji utaalamu wowote.

#4 MlipajiHalali
Mimi sikubaliani na mtazamo huu. Mleta mada analipa mkataba wa mwaka. Ukipeleka gari gereji, fundi hakutumi urudi nyumbani ukapime mwenyewe kompresheni ya injini. Hao sapoti waingie kwa AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, waone wenyewe, wachukue logi wanazotaka. Tunawazoesha makampuni haya uvivu.

#5 DawatiLaMsaada
Nafanya kazi upande wa pili wa simu, si kampuni ya mleta mada, ila kazi ni hiyo hiyo. #4 una hoja, ila AnyDesk inaonyesha hali ya sasa hivi. Nikiingia saa kumi na shida ilitokea saa nane, na mteja ameshawasha upya, naona seva ni nzima kabisa, haina hata homa. Nitaandika nini kwenye tiketi?

Vitu vinavyotukwamisha kila wiki ni hivi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa mbali, taa ya dirishani inamulika, namba ya kosa imekatwa chini. Bonyeza Windows, Shift na S kwa pamoja ukate picha safi. Na ukituma WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inabanwa na maandishi madogo hayasomeki.

La pili, na hili limetuumiza sana, ni saa. Mteja anaandika "iligoma saa 8". Kwake ni saa nane mchana. Kijana wetu mpya anaingiza 08:00 kwenye tiketi. Tiketi inapanda kwa watengenezaji ambao wapo India, saa mbili na nusu mbele yetu. Logi ya programu yenyewe inaandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu saa tatu, kwa hiyo tukio lipo kwenye 11:00. Watu watatu wanachimba mashimo matatu tofauti na wote wanajibu "hatujaona kosa lolote". Andika 14:20, saa za Afrika Mashariki, UTC+3. Hakuna atakayepotea.

#6 Bint_Mwembetayari
Hilo la saa ni kweli tupu. Mimi niko Mombasa, kazini kwetu tulifanya iwe lazima, fomu haikubali chochote isipokuwa mfumo wa saa 24. Malalamiko ya "sapoti hawaoni kosa" yalipungua sana.

#7 MuscatHadiPemba
Huku Muscat tuko UTC+4, saa moja mbele yenu. Ofisi yetu ina tawi Zanzibar na seva iko huku. Nakazia: angalieni pia kama saa ya kila kompyuta iko sawa. Kaunta moja ikiwa nyuma dakika saba, logi zake hazitalingana na za seva hata ukiandika muda kwa uaminifu wote.

#8 mama_Nurdini
Samahani kuingilia uzi. Mimi kompyuta yangu ya stationery kila tovuti inasema si salama, hata benki. Sapoti ya intaneti wananiambia ruta yao nzima. Nikusanye nini?

#9 FundiWaIlala
Dada, angalia tarehe pale chini kulia. Umeme ulikatika hivi karibuni?

#10 mama_Nurdini
Ulikatika juzi usiku. Inasoma mwaka 2015!

#11 FundiWaIlala
Basi betri ndogo ya ubao mama imekufa, ile ya duara CR2032. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani ni 2015 inaona vyote havijaanza kutumika. Weka tarehe sahihi sasa hivi, kisha kanunue betri. Na angalia, ujumbe wa Chrome ulikuwa na neno DATE ndani yake, ERR_CERT_DATE_INVALID. Ungesomwa neno kwa neno usingehangaika na watu wa ruta.

#12 mama_Nurdini
Imekubali! Mungu akuzidishie kaka.

#13 KauntaYaPili
Ahsanteni wakuu. Leo imeganda tena na sikuzima. Nimeandika kama alivyoelekeza #3:

Saa 14:22. Kaunta zote tatu. Kaunta ya 1 na ya 3 zilikuwa zinahifadhi risiti, mimi nilikuwa natafuta bei tu na kwangu ikaganda vilevile. Ujumbe: "Execution Timeout Expired. The timeout period elapsed prior to completion of the operation or the server is not responding." Ilijiachia yenyewe 14:41 bila kuzima chochote. Hii sikuijua, siku zote tulikuwa tunazima mapema.

#14 Kondakta_wa_Data
Hapo sasa kuna cha kusoma. Ujumbe huo unatoka pale programu inapoiuliza hazina ya data swali ikasubiri jibu bila mafanikio. Kwa kawaida muda wa kusubiri ni sekunde 30, mtengenezaji asipoubadilisha. Maana yake kaunta zimefika kwenye seva, ila seva imechelewa kujibu. Mtandao siushuku sana.

Mimi naona ni SQL Server Express, toleo la bure. Lina kikomo cha GB 10 kwa kila hazina ya data. Mmejaza.

#15 DawatiLaMsaada
Mkuu #14 sehemu ya kwanza sawa, ya pili hapana. Hazina ikijaa unapata kosa namba 1105, inasema imeshindwa kupata nafasi, na kusoma bei kungeendelea vizuri, kuandika ndiko kungekataa. Mwenzetu hata kutafuta bei imeganda. Tena ikijaa mchana haiwezi kupona saa 14:41 yenyewe.

#16 Kondakta_wa_Data
Nimekubali, hoja ya kusoma bei sikuiangalia. Basi itakuwa kufungiana. Mtu mmoja, bosi au mhasibu, anafungua ripoti kubwa mchana, ripoti inashika majedwali, wengine wote wanasubiri nyuma yake. Ripoti ikiisha, foleni inatembea. Hii inaeleza pia kwa nini kuzima kulikuwa "kunatibu": mwenye kushika anauawa pamoja na wote.

Ushahidi wake unapatikana wakati imeganda tu. Kuna amri sp_who2, ina safu inaitwa BlkBy, inakuonyesha nani kamzuia nani. Ukikosa dakika ile, umekosa.

#17 Mtaalamu_Kizito
Mnaenda mbali. Antivirusi. Ratiba ya ukaguzi imewekwa mchana, inasoma mafaili ya mdf na ldf, yanayobeba data ya SQL Server, ya GB kadhaa, diski inachoka. Microsoft wenyewe wanashauri mafaili hayo yaondolewe kwenye ukaguzi. Nimeona kwenye maduka mengi.

#18 MzeeWaNondo
Na umeme je? Kwetu mchana umeme unashuka, mashine za kuchomelea za jirani zikiwaka hata feni inalegea.

#19 FundiWaIlala
Umeme ukishuka seva ama inazima ama haizimi mzee wangu, haigandi dakika 19 ikarudi. Kama ingezima, kwenye Event Viewer, yaani logi za Windows yenyewe, ukiingia Windows Logs, System, ungekuta Kernel-Power namba 41.

#20 MuscatHadiPemba
Nyongeza kwa #19: namba 41 inasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuzimwa vizuri kabla. Haitaji sababu. Inaweza kuwa umeme, inaweza kuwa joto, inaweza kuwa mtu kabonyeza kitufe. Nimeona watu wanaandika kwenye tiketi "41, ni umeme" na sapoti wanafunga faili hapo hapo.

#21 WakiliWaMtaa
Kabla hamjamwambia atume kila kitu, jamani, hilo ni duka la dawa. Logi na bakapu zinaweza kubeba majina ya wateja, simu, na dawa walizochukua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukiisukuma bakapu nzima kwenye WhatsApp ya kijana wa sapoti, anayewajibika ni mwajiri wako.

Mfano wa kweli kabisa: Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba wadukuzi waliingia kwenye mfumo wa sapoti wa kampuni ya Okta, inayosimamia kuingia kwa watumiaji kwenye mifumo. Walichochukua ni mafaili ya HAR, rekodi za mawasiliano ya kivinjari na tovuti, ambayo wateja waliyatuma kwa nia njema ili wasaidiwe. Ndani yake mlikuwa na tokeni za vikao, yaani funguo za muda za mtu aliyeshaingia, zikatumika kujaribu kuingia kwa wateja wenyewe, wakiwemo Cloudflare na 1Password.

#22 Mtaalamu_Kizito
HAR ni za kivinjari mkuu, programu yake ni ya kwenye kompyuta. Umetutoa barabarani.

#23 WakiliWaMtaa
Sijawatoa. Kwenye programu za namna hii kinachoombwa ni bakapu ya hazina nzima, ambayo ni mbaya zaidi ya HAR. Aulize kwanza: mnahitaji bakapu ya nini, itakaa wapi, mtaifuta lini? Wajibu kwa maandishi.

#24 DawatiLaMsaada
Namuunga mkono. Kwa tatizo la kuganda bakapu haihitajiki katika hatua hii. ERRORLOG, Event Viewer na yale maelezo yake ya 14:22 yanatosha kuanzia. Anayeomba bakapu mapema hivyo hajasoma tiketi.

#25 Bint_Mwembetayari
Mkuu KauntaYaPili, je, ni kila siku au kuna siku haigandi? Andika hata yale unayoona hayana maana. Miaka ya 2008 na 2009 kulikuwa na watumiaji wa Ubuntu waliosema OpenOffice haichapishi siku ya Jumanne. Ungesema mtu kaota. Ilikuwa kweli: faili la kuchapisha lilibeba tarehe mwanzoni, na herufi "Tue" zilipokaa mahali fulani programu ya kutambua aina za mafaili ilidhani ni faili la lugha ya Erlang. Mke wa mmoja wao ndiye aliyegundua kwamba ni Jumanne. Asingesema siku, wangechunguza printa mpaka leo.

#26 KauntaYaPili
Dada umenifanya nikae chini na kitabu cha mauzo. Jumamosi na Jumapili haijawahi. Jumatatu na Alhamisi ndiyo mbaya zaidi, na siku hizo ndizo mzigo unaingia, mtu wa stoo anaingiza ankara mchana. Lakini Jumatano pia imeshatokea na mzigo haukuwepo.

Halafu nimefungua ERRORLOG kwa Notepad. Kuna mistari inajirudia: "SQL Server has encountered 14 occurrence(s) of I/O requests taking longer than 15 seconds to complete". Saa zake ni 14:19, 14:24, 14:31. Siku nyingine ipo, siku nyingine imeganda na haipo.

#27 FundiWaIlala
Hiyo ni diski! Maombi ya kusoma na kuandika yanachukua zaidi ya sekunde 15, diski imechoka. Weka CrystalDiskInfo, piga picha ya afya ya diski, ambatanisha. Na hakikisha bakapu ipo nje ya hiyo mashine LEO. Hilo la bakapu fanya hata kama nimekosea mengine yote.

#28 Mtaalamu_Kizito
Au antivirusi inaibana diski nzima. Ujumbe ungekuwa ule ule.

#29 Kondakta_wa_Data
Au bakapu yenyewe. Express haina SQL Server Agent, kile kipengele cha kuendesha kazi kwa ratiba, kwa hiyo msambazaji huwa anaweka ratiba kwenye Task Scheduler ya Windows. Afungue aone kama kuna kazi ya saa 14:15 au karibu na hapo. Na siku ambazo mistari haipo? Kwangu hizo ni kufungiana. Yanaweza kuwa matatizo mawili.

#30 MlipajiHalali
Angalieni mnavyomfanya mtu wa kaunta awe mhandisi wa data. Hata hivyo nakiri uzi umenifunza. Ile ya CrowdStrike ya tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya programu ya usalama ilipoangusha kompyuta milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, watu waliopiga picha skrini ya buluu vizuri walikuwa na jina la faili pale pale, csagent.sys. Walijua ni nani wa kumuuliza kabla hata ya tangazo.

#31 KauntaYaPili
Nimeandika hivi, naomba mpitie kabla sijatuma:

"Programu ya mauzo inaganda kaunta zote tatu kwa pamoja, siku za kazi, kati ya 14:00 na 15:00 saa za Afrika Mashariki, UTC+3. Tukio la karibuni: leo, 14:22 hadi 14:41, lilijiachia bila kuzima. Ujumbe wa kosa: picha imeambatanishwa. Kusoma bei na kuhifadhi risiti vyote viliganda. Jumatatu na Alhamisi mtu wa stoo anaingiza ankara muda huo, Jumatano hapana. Wikendi haijatokea. Nimeambatanisha ERRORLOG zote zilizopo na picha ya afya ya diski. Hatujabadilisha kitu, ila mtandao wetu ni mbovu na seva ni ya zamani. Naomba mnieleze mnahitaji nini kingine na kwa nini."

#32 DawatiLaMsaada
Nzuri mno, ningepokea hivi kila siku ningefurahi. Toa ile ya "mtandao ni mbovu na seva ni ya zamani". Hiyo ni hukumu, si ulichokiona, na umewapa mlango wa kutokea: watakujibu "nunueni seva mpya" na watafunga tiketi. Na "hatujabadilisha kitu", una uhakika? Fungua historia ya apdeti za Windows, angalia mwezi uliopita. Ongeza toleo la programu na toleo la SQL.

#33 Kondakta_wa_Data
Toleo la SQL ni mstari wa kwanza wa ERRORLOG. Na waombe wao waendeshe sp_who2 kwa AnyDesk saa 14:20, wakiwa wameshaingia kabla. Wewe bila ruhusa ya juu utajiona mwenyewe tu.

#34 KauntaYaPili
Nimeondoa hukumu. Apdeti zipo mbili za mwezi uliopita, nimeziorodhesha. Mistari ya mwanzo inasema Microsoft SQL Server 2014, Express Edition.

#35 MuscatHadiPemba
2014! Microsoft waliacha kuihudumia Julai 2024. Hilo liandike juu kabisa ya tiketi.

#36 Kondakta_wa_Data
Na Express ya 2014 inatumia kumbukumbu ya GB 1 tu hata mashine ikiwa na 16. Kuanzia 2016 ni MB 1410. Na kile kikomo cha GB 10 nilichosema mwanzo, kwenye toleo la 2025 kimepandishwa hadi 50. Ripoti kubwa au ankara ndefu inasukuma data yote nje ya kumbukumbu, seva inarudi kusoma diski kwa kila swali. Mnaona inavyoungana na ile mistari ya sekunde 15?

#37 FundiWaIlala
Inaungana hata na diski mbovu mkuu. Na asubuhi ni 2014 hiyo hiyo, kumbukumbu ni GB 1 hiyo hiyo, foleni ya wateja ni ndefu zaidi, mbona haigandi?

#38 KauntaYaPili
Nimetuma. Wamefungua tiketi na wamesema wataingia kwa AnyDesk Alhamisi 14:00. Nitaleta majibu ya hiyo safu ya BlkBy. Diski inasoma "Caution", bakapu nimeshaihamishia kwenye diski ya nje.

#39 Mtaalamu_Kizito
Zima ratiba ya antivirusi Jumatano, Alhamisi iache. Ukibadilisha vitu vyote siku moja hatutajua ni nini.